Muuguzi naye amlilie nani?

Muuguzi wa Thika amalizapo zamu ya usiku hupanda matatu hadi kwake Ruiru. Wanawe wakimuuliza kazi ilikuwaje, hujibu, “Salama.” Hawaambii ni nani aliyefia mikononi mwake.

Kumwendea mshauri wa hospitali yake mwenyewe ni vigumu: wenzake watajua. Tena, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hapa Kenya. Nani angethubutu kusema?

Ndipo simu ya mkononi inapofaa. Anaandika usiku wa manane, hata kwa jina la kupanga, na mshauri humjibu. Mbinu si ngeni. Mwaka 2006, Dkt Dixon Chibanda wa Harare, Zimbabwe, aliwafunza akina nyanya kuketi benchini na wenye kuzongwa na mawazo, wakichagua tatizo moja tu na hatua ndogo ya kulikabili.

Hata hivyo, msomaji, ujumbe wa simu haupunguzi wagonjwa wodini. Na bando hununuliwa. Asiye nayo apige 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hiyo ni bure.