Hapana Isiyoyumba

Mshahara wa mwalimu umeingia mchana. Kabla ya magharibi simu yake imeshapokea meseji tatu: mdogo wake anadaiwa kodi ya chumba, mama yake mdogo anaomba ya dawa, na binamu anataka kukopeshwa mtaji, "na ya kutolea usisahau, kaka". Anamtumia mmoja, anamdanganya wa pili kwamba mshahara haujatoka, na wa tatu hapokei simu yake. Usiku anamfokea mkewe kwa kuuliza hela ya gesi. Huko kwao ameshaitwa mchoyo, na nyumbani kwake anaonekana mkorofi. Sivyo alivyo. Tatizo ni kwamba hajawahi kumwambia yeyote, hata mkewe, kiasi gani anaweza na kiasi gani hawezi.

Sisi tunaoshauri familia tunaliona sana jambo hili, na dawa yake ni mipaka. Neno hilo wengi wanalielewa vibaya, wakidhani mpaka ni amri unayompa mwenzako. "Usinipigie usiku" ni ombi tu, na anayeombwa anaweza kupuuza. "Saa 4 usiku nazima simu, nitakupigia asubuhi" ni mpaka, kwa sababu utekelezaji wake uko mikononi mwako mwenyewe.

Salvador Minuchin, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Argentina na kufanya kazi miaka mingi Marekani, alieleza mipaka ndani ya familia katika kitabu chake cha tiba ya familia cha mwaka 1974. Ziko familia zenye mipaka migumu hata mtu akiumwa nduguze hawana habari. Ziko ambazo mipaka yake imefifia, jambo la mmoja ni la wote, na hakuna anayeamua lake. Katikati wapo wenye mipaka iliyo wazi. Lakini Minuchin hakusema kwamba familia kuwa karibu sana ni ugonjwa, na nalitaja hilo kwa ajili ya wanaodhani mipaka ni mambo ya Wazungu, ya kila mtu na lake. Sisi hupiga hodi na kusubiri tukaribishwe. Tunajua maneno ya kumtania babu na yale yasiyosemwa mbele ya mkwe. Mipaka tunayo tangu zamani. Kwenye fedha za simu ndiko hatujaiweka.

Kinachoumiza zaidi ni mpaka unaoyumba. Ukikataa mara nne, ya tano ukatoa kwa sababu mtu amelia, umemfundisha kwamba akiendelea kulia atapata. Wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walionyesha mwaka 1957, kwa majaribio ya njiwa, kwamba tabia inayotuzwa mara mojamoja huchelewa sana kufa, kuliko inayotuzwa kila mara. Kuna jambo la pili pia: tuzo ikikatika, tabia huweza kuzidi kwanza kabla ya kupungua. Ndiyo maana mwezi wa kwanza wa msimamo mpya huwa na lawama nyingi. Wengi hulegeza hapo hapo, wakidhani wamekosea.

Basi mwalimu wetu aseme nini? Apige simu mwenyewe, asisubiri kupigiwa. "Shikamoo mama. Kila mwezi nimetenga 30,000 yako, leo naituma. Zaidi ya hapo sitakuwa nayo, ila ukilazwa hospitali nipigie saa yoyote." Inatosha. Asianze kuorodhesha ada, kodi na madeni, maana kila sababu atakayotoa itajadiliwa, na mazungumzo yatageuka kesi. Heshima ibaki kwenye salamu na sauti, kiasi kisibadilike. Kama mzee ni mgumu kuambiwa na mtoto, shangazi au kaka mkubwa anayesikilizwa afikishe neno. Kutuma mtu si woga. Ndivyo mambo mazito yanavyosemwa kwetu.

Kwa wanandoa nina msimamo mkali kidogo: mume azungumze na ndugu zake, mke na wa kwake. Mke anayetumwa kumkatalia mama mkwe atabeba jina baya maisha yake yote kwa uamuzi uliofanywa na wawili. Na uamuzi uwe wa wawili kweli. Hata sheria inalijua hili: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ndugu akiomba hati ya nyumba iwe dhamana ya mkopo wake, jibu halitoki kwa mtu mmoja.

Haya yote ni kwa watu wanaogombana lakini hawaogopani. Anayepigwa au kutishiwa akisema hapana asiambiwe aweke mipaka. Anahitaji usalama kwanza. Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Kenya kuna namba ya simu ya msaada, 1195.

Kwa wengine, ombi langu ni hili: kaeni mpange kiasi cha ndugu wiki moja kabla ya mshahara. Ukishaingia, meseji nazo zimeshaingia, na hapo mtaamua kwa huruma ya aliyewahi kuandika badala ya uwezo wenu.