Pembe ya swara imekatika? Usitupe kinyago, kiokoe kabla ya kupaka rangi

Ni siku ya tatu uko kwa swara mmoja. Shingo imeinama poa, miguu imesimama, kilichobaki ni kupiga msasa na kupaka rangi. Patasi inateleza kidogo tu, tap! Pembe iko chini. Hapo ndipo wasee wengi hupandwa na hasira na kurusha kazi yote kwa rundo la kuni. Ngoja kwanza, bana. Hizo ni siku tatu za jasho lako unataka kupikia ugali.

Na si jasho pekee, kuna mti pia. Mpingo na muhugu, miti iliyojenga jina la vinyago vya Kenya, hukua polepole mno na imeadimika. Ndiyo maana wachongaji wengi wamehamia muarubaini, mjakaranda na mwembe. Ukiwa na kipande cha mpingo mkononi, kukitupa ni hasara ambayo pesa hairudishi haraka.

Biashara yenyewe ina mizizi. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, ndiye hutajwa kuwa alileta uchongaji wa kuuza Ukambani, baada ya kuuona Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ukasambaa hadi Gikomba, Nairobi, na Changamwe, Mombasa. Hadi leo hakuna anayekuuliza cheti mlangoni. Mimi niliyeacha chuo naiheshimu sana kazi ya aina hiyo.

Kwa nini ikatike hapo?

Mti una nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Mahali zinapopita kwa urefu, pana nguvu. Mahali zinapokatiza kipande chembamba, kama pembe, sikio la ndovu au mguu wa twiga, panavunjika kama biskuti. Kwa hivyo kabla hujaanza kuchonga, geuza gogo ili sehemu nyembamba zifuate nyuzi. Lakini sasa maji yameshamwagika, tuokoe swara.

Kwanza, okota kila kibanzi, hata kile kidogo kama ukucha. Usipige msasa pale palipovunjika. Hayo meno meno unayoyaona ndiyo yatakayoshikana tena. Rudisha kipande bila gundi uone kama kinakaa sawa. Kama mti bado ni mbichi, uache ukauke kwanza. Ukikauka baadaye utajikunja na kiungo kitaachia, pengine swara akiwa ameshafika sebule ya mtu Ulaya.

Pili, chagua gundi. Gundi nyeupe ya mbao inatosha pale vipande vinapobanana vizuri. Kukiwa na pengo, tumia ile ya mirija miwili unayochanganya. Supaglu ni ya vibanzi vidogo tu. Inashika haraka, lakini kitu kikianguka inaachia. Mpingo una mafuta yake ya asili, kwa hivyo pangusa pande zote mbili kwa kitambaa chenye asetoni, iache ikauke, kisha upake gundi papo hapo.

Pembe au mguu unaobeba uzito unahitaji mfupa ndani. Toboa tundu dogo kila upande, matundu yatazamane, uchomeke kijiti cha mshikaki chenye gundi. Halafu funga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli. Unazungushia ukivuta, unabana hata mahali pa mviringo. Gundi ikitoka pembeni, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Sasa weka kando hadi kesho, masaa 24. Usiguseguse.

Kama kipande kimepotea kabisa, chonga kingine kutoka gogo lile lile, nyuzi zikielekea upande mmoja na za swara. Unga wa msasa uliochanganywa na gundi ni wa kuziba nyufa tu, na ukikauka mara nyingi huwa mweusi kuliko mti wenyewe. Jaribu kwanza kwa kipande cha kutupa.

Kabla ya rangi, si baada

Hapa ndipo watu huharibu. Ukishapaka mafuta, nta au rangi ya viatu, gundi haishiki tena vizuri. Vilevile, gundi iliyobaki juu ya mti huzuia rangi kuingia, na doa jeupe litakuchoma mbele ya mteja. Kwa hivyo rekebisha, piga msasa wa 120, halafu 240, malizia na 400. Pitisha kitambaa chenye maji. Mahali pasipogeuka rangi, gundi bado ipo. Rudia msasa hapo.

Ukifanya hivyo vizuri, mstari wa kiungo hauonekani kwa urahisi. Lakini mnunuzi mwambie. Mwenye duka akigundua mwenyewe, atashusha bei ya swara huyo na wengine kumi unaomletea, hata walio wazima. Ukimwonyesha pale pembe ilipokatika na jinsi ulivyoifunga, mtaelewana bei ya mmoja tu, na wiki ijayo bado atakupigia simu.