Jimbo Likifuta Sheria ya Mji

Jambo hili unalijua. Kijiji kikitunga sheria ndogo, sheria hiyo haianzi kutumika siku hiyo hiyo. Hupelekwa kwanza halmashauri ya wilaya. Wilaya ikikubali, inatumika. Ikikataa, basi.

Leo tutaeleza ugomvi wa namna hiyo huko Marekani. Ugomvi wenyewe si wa mifugo kuingia mashambani, bali unahusu haki za raia. Haki za raia maana yake ni kila mtu kutendewa sawa na sheria, awe mweusi au mweupe, tajiri au maskini.

NGAZI TATU ZA SERIKALI

Marekani ina majimbo 50. Juu yake kuna Serikali Kuu mjini Washington. Kila jimbo lina gavana wake na bunge lake. Chini ya majimbo kuna miji, na kila mji una baraza la madiwani.

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787. Inataja Serikali Kuu na inataja majimbo. Miji haitajwi hata kidogo. Mwaka 1868 jaji John Dillon wa jimbo la Iowa alieleza kwamba mji una madaraka yale tu uliyopewa na jimbo. Mwaka 1907 Mahakama Kuu ya nchi nayo ilisema jimbo linaweza kuuongezea mji madaraka, kuyapunguza au kuyaondoa. Kumbe mji ni kama mpangaji. Nyumba ni ya jimbo.

YALIYOTOKEA MEMPHIS

Memphis ni mji mkubwa katika jimbo la Tennessee, kando ya mto Mississippi. Zaidi ya nusu ya wakazi wake ni watu weusi. Ndipo alipouawa Martin Luther King mwaka 1968, alipokwenda kuwasaidia wazoa takataka waliogoma.

Tarehe 7 Januari 2023, polisi wa mji huo walimsimamisha kijana mweusi, Tyre Nichols, akiwa katika gari lake. Walimpiga vibaya. Siku tatu baadaye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Askari watano waliofukuzwa kazi na kushtakiwa nao walikuwa weusi.

Wazazi wake walilia, lakini hawakukaa kimya. Wao na wananchi wengine waliwaendea madiwani. Aprili 2023 baraza la mji likatunga sheria. Ilisema polisi wasimsimamishe dereva kwa kosa dogo peke yake, kama taa moja mbovu au bampa iliyolegea. Kwa nini? Kwa sababu watu weusi walikuwa wakilalamika kwamba makosa madogo kama hayo hutumiwa kuwa kisingizio cha kuwasimamisha wao kuliko wengine.

Sheria hiyo haikudumu hata mwaka mmoja. Machi 2024 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuifuta, na gavana Bill Lee akatia sahihi. Wazazi wa kijana walikuwa wamesafiri hadi Nashville, makao makuu ya jimbo, kuwasihi wabunge. Haikusaidia.

KAMATI ZA RAIA NAZO

Si sheria tu zinazoguswa. Hata vyombo vya kusimamia haki huguswa. Novemba 2018 wananchi wa Nashville walipiga kura kuunda kamati ya raia 11 ya kuchunguza malalamiko juu ya polisi. Karibu watu 6 katika kila 10 waliopiga kura walisema ndiyo. Kamati ikaanza kazi, ikawa na wachunguzi wake yenyewe.

Mwaka 2023 bunge la jimbo lilifuta kamati za namna hiyo katika Tennessee nzima. Miji iliruhusiwa kuunda kamati nyingine, lakini zisizo na nguvu ya kuchunguza. Malalamiko yanapelekwa kwa polisi wenyewe. Sasa hebu fikiri: ukiibiwa kuku, utampelekea kesi ndugu wa mwizi?

JIMBO LINAJITETEA VIPI?

Ni vizuri kusikiliza pande zote mbili. Wabunge waliounga mkono sheria hizo walisema sheria iwe moja katika jimbo zima. Dereva asikute sheria tofauti kila anapoingia mji mwingine. Walisema pia kwamba polisi wakifungwa mikono, wahalifu watafurahi. Hoja hizi si za kudharau.

Tena, mkubwa kumzuia mdogo si ubaya siku zote. Zamani majimbo mengi ya kusini yalikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi. Mwaka 1964 Serikali Kuu ilitunga Sheria ya Haki za Raia. Sheria hiyo ilikataza ubaguzi wa rangi hotelini, katika migahawa na kazini. Majimbo yalilazimika kutii.

Tofauti iko wapi? Tuchukue mfano wa pishi ya mahindi sokoni. Sheria ya 1964 iliwaambia majimbo: "Msipunje pishi. Haki isipungue hapa." Lakini aliyetaka kuongeza aliruhusiwa kuongeza. Sheria za Tennessee tulizozieleza ziliiambia miji: "Msizidishe." Mji uliotaka kuwaongezea watu wake ulinzi, ulishikwa mkono.

Kwa hiyo, mkubwa akimzuia mdogo, tusiulize tu kama ana mamlaka. Mara nyingi anayo. Tuulize: je, amezuia haki isipunguzwe, au amezuia isiongezwe?

Wananchi wa Memphis bado wana kura zao. Diwani anachaguliwa, na mbunge wa jimbo naye anachaguliwa. Anayemchagua diwani kwa makini halafu akasahau kura ya mbunge, amefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika Marekani, nani ana madaraka juu ya mji?
2. Baraza la Memphis lilitaka kuzuia nini? Kwa nini?
3. Je, kamati isiyo na nguvu ya kuchunguza inaweza kuwasaidia raia? Toeni sababu.
4. Elezeni tofauti kati ya kukataza kupunja pishi na kukataza kuizidisha.