Shule Iliyojengwa kwa Udongo wa Kijijini

Umepata kuingia saa nane mchana, wakati wa kiangazi, katika darasa lililoezekwa kwa bati tupu? Watoto wanasinzia, jasho lawatoka, na mwalimu mwenyewe atamani kengele ilie. Mvua nayo ikinyesha, bati hupiga kelele hata sauti ya mwalimu haisikiki. Kisha sisi wazazi twawalaumu watoto kuwa ni wavivu na wazito wa kuelewa. Pengine kosa si lao. Pengine kosa ni la nyumba tuliyowajengea.

Hebu sikiliza habari za kijiji cha Gando, katika nchi ya Burkina Faso, Afrika ya Magharibi, ambako joto huweza kufika digrii 40. Mwaka 1965 alizaliwa huko mtoto wa chifu, jina lake Diébédo Francis Kéré. Gando hapakuwa na shule, basi alipotimiza miaka saba alipelekwa mji wa Tenkodogo akasome. Darasa lake lilisongamana watoto zaidi ya mia, tena lilikuwa na joto na giza. Kila likizo ilipokwisha, akina mama wa kijijini walimpa senti yao ya mwisho, wakitumaini kwamba elimu yake itawafaa wote siku moja.

Kijana huyo alijifunza useremala, akapata nafasi ya kwenda Ujerumani, na huko Berlin akasomea kazi ya kuchora ramani za majengo. Hakungoja kumaliza masomo. Mwaka 1998 alianzisha chama cha kuchanga fedha ili kwao kupatikane shule. Lakini alipowaambia wazee kwamba itajengwa kwa udongo, walinung'unika. Nyumba za udongo walizijua: mvua za mwaka mmoja tu, na ukuta umemomonyoka. Walitegemea kwamba mtu aliyetoka Ulaya angewaletea jengo la kizungu!

Kéré hakubishana nao. Aliwaonyesha kwa vitendo. Udongo wa palepale ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali imara. Yalijengwa madarasa matatu katika mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa pakaachwa ukumbi wazi wenye paa, watoto wapate kivuli cha kusomea na kuchezea. Madirisha yana vibao vya kufungua ili upepo uingie. Dari ni ya matofali, nayo ina matundu. Bati halikulazwa juu ya dari hiyo, bali limeinuliwa kwa vyuma, pakabaki nafasi kubwa katikati. Hewa ya moto hupanda, hutoka kwa matundu, na upepo unaopita chini ya bati huichukua. Tena kingo za paa zimetokeza mbali, mvua isipige ukuta wala jua lisiuchome. Vyuma vyenyewe ni nondo za kawaida, zilizokatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo, kwa maana hapakuwa na winchi ya kunyanyulia vitu vizito.

Na mafundi walikuwa nani? Wanakijiji wenyewe. Watoto walileta mawe ya msingi, akina mama walichota maji, wanaume wakajifunza kazi ambayo baadaye iliwapatia riziki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Shule ilimalizika mwaka 2001, na mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya majengo. Wanafunzi, ambao mwanzoni walikuwa 120, waliongezeka hata wakafika 700. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kabisa katika kazi hiyo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Wewe uliye katika kamati ya shule au baraza la parokia, yafaa ujiulize mambo haya kabla ya kununua bati la kwanza. Kwanza, jua latoka wapi na kutua wapi? Katika nchi zetu ni vizuri kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, na madirisha yawe katika kuta ndefu za pande mbili, upepo upate kupita. Pili, miti iliyopo lazima ikatwe? Mwembe wa miaka mingi ni kivuli ambacho hutakinunua kwa fedha. Tatu, mtoto wa darasa la kwanza akiketi, aweza kuona nje, au dirisha limewekwa kwa kimo cha mkaguzi? Nne, wasichana wana choo chao chenye mlango unaofungika?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji kufikiri mapema, maana ukuta ukishasimama ni vigumu kuugeuza. Watoto watakaa ndani yake miaka saba au zaidi. Basi ramani itakapoletwa mbele yenu, msiulize bei tu; ulizeni pia mtoto atakaaje humo saa nane mchana.