Mazoezi yanaua? Tupige hesabu ya moyo, wadau wa bonanza

Wadau, kila mtu anapodondoka uwanjani au kwenye joging, maneno ni yaleyale. Mmoja atasema mazoezi yanaua, bora akae zake na kitambi chake. Mwingine atasema jamaa amechezewa. Siku ya mtu anaijua Mungu, hilo halina ubishi, ila hatari ya moyo ina hesabu yake, na tunaweza kuipiga wenyewe kabla ya kufunga kamba za raba.

Matukio yapo, hayafichiki. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, kwenye mechi na Kolombia, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida, tatizo ambalo mara nyingi ni la kurithi. Hapa kwetu, Desemba 2016, Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC, miaka 19, alidondoka Kaitaba, Bukoba, muda mfupi baada ya kufunga goli dhidi ya Mwadui. Hakuamka.

Sasa tutenganishe mambo. Kwa walio chini ya miaka 35, moyo ukisimama ghafla mazoezini mara nyingi chanzo ni kitu alichozaliwa nacho mtu: misuli minene, mishipa iliyokaa vibaya, au hitilafu kwenye umeme wa moyo. Huku kwetu pia wapo wenye valvu za moyo zilizoharibika kwa sababu ya maambukizi ya koo utotoni ambayo hayakutibiwa vizuri. Kwa waliovuka 35, mchawi mkubwa ni mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa inayolisha moyo. Wasaidizi wake ni presha, kisukari na sigara.

Je, hatari ni kubwa kiasi gani? Watafiti wa Marekani waliwahesabu wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni, kuanzia 2000 mpaka 2010. Waliosimama moyo ni 59, na 42 kati yao walifariki. Yaani ni mmoja katika kila wakimbiaji 184,000 hivi. Kwa hiyo anayekataa kukimbia kwa kuogopa kufa, anaogopa kitu kidogo.

Lakini kuna namba nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu sisi wa pwani. Utafiti wa mwaka 1993, wa Marekani pia, uliangalia saa moja baada ya mtu kufanya shughuli nzito. Kwa mtu asiye na mazoea, hatari ya shambulio la moyo ilipanda zaidi ya mara 100. Kwa anayefanya mazoezi mara tano au zaidi kwa wiki, ilipanda mara 2.4 tu. Msishtuke: mara 100 ya kitu kidogo sana bado ni kidogo. Ila mmeona tofauti? Hatari haiko kwenye mbio zenyewe. Iko kwenye kuruka ghafla kutoka kwenye kiti mpaka kwenye mbio.

Sasa mchukue mtu wetu wa bonanza. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko ofisini au nyuma ya usukani. Ijumaa usiku bia na kitimoto au chips mayai, kalala saa nane. Saa 12 asubuhi yuko kwenye joging kutoka Tegeta kwenda Bunju, anashindana na vijana wa miaka 20. Saa tatu anaingia mechi ya maveterani, ligi ndogo ya kugombea mbuzi. Huyo ndiye yule wa mara 100. Mvuvi wa Bagamoyo anayevuta nyavu kila siku mwili wake umeshazoea purukushani, ingawa naye kama ana presha asijidanganye kwamba kazi ngumu imeshamtibu.

Ongeza na hali ya hewa yetu. Kuanzia Mbweni, Mapinga mpaka Bagamoyo mjini, hewa ina unyevunyevu mwingi. Jasho linatoka lakini halikauki, mwili haupoi, moyo unalazimika kusukuma damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa pamoja. Kasi unayoiweza alfajiri, saa tano asubuhi ni kasi nyingine kabisa.

Kwa hiyo tufanyeje?

Kwanza, anza kwa kutembea. Tembea kwa haraka, ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, dakika 30 siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Baada ya wiki kadhaa ndipo uongeze mbio, kidogo kidogo.

Pili, usikimbie ukiwa na homa. Baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na mbio huongeza balaa.

Tatu, muone daktari kwanza kama umewahi kuzimia ukikimbia, kifua kinabana ukipanda ngazi, moyo unakwenda mbio bila mpangilio, au kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Presha inapimwa hata zahanati. Ikibidi kwenda mbele zaidi, ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyopewa jina la Rais mstaafu ambaye ni mtu wa huku huku kwetu, Msoga.

Nne, na hili ni kwa waandaaji. Mtu akidondoka ghafla, haitiki na hapumui vizuri, huo ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Anaweza hata kutetemeka kama mwenye kifafa. Tuache kummwagia maji, kumpepea na kumtia kijiko mdomoni. Mmoja apige simu, mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua akandamize kwa nguvu, sentimita tano hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Christian Eriksen wa Denmaki alisimama moyo uwanjani Juni 12, 2021. Alikandamizwa kifua palepale, akashtuliwa kwa mashine, na Februari 2022 alirudi kucheza ligi ya Uingereza. Kutoka Bagamoyo mpaka Muhimbili ni kama kilomita 70 na foleni yake. Ubongo bila damu hausubiri hata dakika kumi.

Mazoezi hayaui, wadau. Kinachoua ni papara, ugonjwa usiopimwa na kundi la watu 40 wanaomzunguka mgonjwa bila hata mmoja kujua la kufanya. Bonanza zinakuwa na jezi mpya, muziki na mbuzi wa zawadi. Sasa niambieni: kwenye klabu yenu ya joging, nani anapima presha, na nani anajua kukandamiza kifua? Kama jibu ni hakuna, hiyo ndiyo ajenda ya kikao kijacho. Nawakilisha.