Je, Wajua? Nyaya Zinazojitaja kwa Rangi

Ndani ya kila waya wa simu shaba ni ileile. Rangi ya nje ipo kwa ajili ya macho ya fundi, na jinsi ilivyopangwa inastaajabisha!

Rangi 10 zinataja jozi 25
Kila laini ya simu hutumia jozi ya nyaya. Katika utaratibu wa Marekani, rangi tano ni kama jina la ukoo: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano na zambarau. Nyingine tano ni jina la mtoto: buluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu. Fundi akishika nyeusi na kijani, anajua papo hapo kuwa ni jozi ya 13.

Jozi 3,000 bila namba hata moja
Kebo nene hugawanywa mafungu ya jozi 25, kila fungu na utepe wake wa rangi mbili. Mafungu 24 yanafanya jozi 600. Makundi matano ya 600, kila moja na utepe wa rangi ya ukoo, yanafika 3,000! Kebo ikikatwa na katapila, kila jozi inarudishwa kwa mwenzake.

Jozi ya 25 hukosa kazi
Kadi nyingi za laini kwenye mitambo ya simu hutumia plagi ya pini 50, yaani jozi 25. Nyeupe ya jozi ya kwanza huingia pini ya 26, buluu yake pini ya 1, zikitazamana. Kadi ikiwa ya laini 24, zambarau na kijivu hubaki akiba. Ukikosea rangi moja tu, simu ya jirani italia kwako.

Kebo ya intaneti ilirithi
Menya kebo ya kompyuta: buluu, chungwa, kijani na kahawia, kila moja na mwenzake mweupe. Ni zilezile jozi nne za kwanza za simu!

Msokoto una umri wa zaidi ya miaka 140
Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya zilizosokotwa mwaka 1881. Msokoto hufanya kelele za umeme ziguse nyaya zote mbili kwa kiasi sawa, hivyo mtambo huzifuta kirahisi. Ndiyo maana fundi makini hafumui zaidi ya milimita 13 anapofunga plagi.

Faiba iliongeza mbili tu
Nyuzi 12 za kioo hupakwa zile rangi 10 za simu, pamoja na waridi na firuzi. Mwanga unaopita ndani kwa kawaida macho hayauoni, kwa hiyo rangi ndiyo kiongozi. Hata plagi za faiba zina rangi: ya kijani ina ncha iliyokatwa mshazari wa digrii 8. Ya buluu haina mshazari huo. Ukizikutanisha, mwanga mwingi hupotea. Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu!