Daktari Kasema Nini?

Umewahi kutoka kwa daktari, mama akakuuliza, "Wamesema una nini?" ukabaki unajikuna kichwa? Wengi wetu tukifika pale ni "ndiyo dokta, ndiyo dokta", ilimradi tutoke haraka. Lakini neno usiloelewa linaweza kukufanya utumie dawa vibaya, au uamini kuwa uko salama kumbe bado. Na maneno yanayotuponza zaidi wala si yale magumu. Ni yale tunayoyajua mtaani, ambayo hospitalini yana maana nyingine. Haya hapa matano.

HOMA
Mtaani ukisema "nina homa", watu wanaelewa malaria. Kwa daktari homa si ugonjwa, ni dalili: joto la mwili limepanda kupita kawaida, ambayo ni kama nyuzi 37. Linaweza kupandishwa na malaria, taifodi, mafua, UTI au hata kidonda kilichooza. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Ukikimbilia dawa ya malaria dukani kwa sababu tu mwili unachemka, unaweza kutibu ugonjwa ambao huna, na ule ulio nao ukaendelea kukutafuna.

CHANYA NA HASI
Mwalimu akisema una mtazamo chanya, hiyo ni sifa. Maabara ni tofauti kabisa. Chanya maana yake kilichotafutwa kimeonekana. Hasi maana yake hakikuonekana. Basi! Majibu hayakusifu wala hayakulaumu.

Ila hasi nayo ina mambo yake. Vipimo vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza virusi vikishaingia. Askari hao huchukua muda kuonekana, na muda huo, unaoitwa kipindi cha dirisha, unaweza kufika miezi 3. Aliyefanya ngono bila kondomu wiki iliyopita akapimwa leo, hasi yake haijasema lolote kuhusu wiki iliyopita! Inabidi arudi kupima tena kama atakavyoelekezwa. Na kama saa 72 hazijapita, awahi kituo cha afya aulizie dawa za kuzuia maambukizi, maarufu kama PEP. Asingoje.

KUTWA MARA TATU
Kwenye bahasha ya dawa utaona 1x3, yaani kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Wengi tunameza asubuhi, mchana na jioni, halafu usiku mzima mwili unabaki bila dawa. Kumbe "kutwa" ya hospitali ni saa 24. Kwa antibayotiki kama amoksilini, 1x3 ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Dawa nyingine ni za kunywa wakati wa chakula, kwa hiyo uliza kabla hujaondoka dirishani.

SUGU
Mtu sugu ni yule asiyesikia. Lakini "ugonjwa sugu" ni ugonjwa wa kukaa nao muda mrefu, kama pumu au kisukari. Haina maana kwamba hautibiki. Wenye pumu wanasoma, wanacheza mpira na wanafaulu, mradi wafuate matibabu. "Usugu wa dawa" ni jambo jingine: bakteria wamezoea dawa, haiwaui tena. Kumeza antibayotiki ovyo, au kugawana vidonge bwenini, ndiko kunakowafundisha ujanja huo.

RUFAA
Katika somo la Uraia, rufaa ni kupinga hukumu mahakamani. Hospitalini ni kupelekwa kwenye ngazi yenye vifaa na wataalamu zaidi, kwa mfano kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya. Wengine wakisikia rufaa wanadhani ndiyo mwisho, wanarudi nyumbani kulia. Rafiki, rufaa ni msaada! Ukichelewa ndipo hatari inapoongezeka.

SASA UFANYEJE?
Kabla hujainuka kwenye kiti, uliza maswali matatu:
1. Nina tatizo gani hasa?
2. Dawa hii natumiaje, na kwa siku ngapi?
3. Nikiona dalili gani nirudi haraka?

Kisha rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo dokta, nameza kimoja kila baada ya saa 8 kwa siku 5, sivyo?" Kama umekosea, atakurekebisha palepale. Unaona aibu? Sema tu, "Samahani dokta, hapo sijaelewa." Huo si utovu wa adabu. Mwili ni wako, na una haki ya kuelewa kinachoendelea ndani yake. Kuuliza si ujinga!